Kung'oa si Kuua

Jumamosi, 7 Machi

Masika yameingia leo wakati natoa mikate ya pili tanurini, na yameingia bila hodi. Kuanzia sasa unga utavuta unyevu, hamira itadeka, na mimi nitakuwa na mdomo mchungu mpaka Mei. Mdogo wangu anasema nianze kuandika shajara ili matusi yangu yapate pa kwenda. Haya, nimeanza.

Mchana tumecheza. Kila Jumamosi tanuri likishazimwa tunabaki wanne stoo ya unga: mimi, mdogo wangu anayeendesha gari letu la mikate, Kinyozi wa pale kona, na Karani wa ofisi ya kata. Tunanyunyiza unga juu ya meza kuukuu ya kukandia, nachora mito na milima kwa kidole, nao wanasafiri humo. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, mwenye jina, silaha na dhambi zake. Mimi ndiye Msimulizi: nasema wanachokiona, wao wanasema watakachofanya, na dadu inaamua kama watafanikiwa. Majirani wanadhani tunacheza kamari. Tumewaacha wadhani hivyo, maana kamari ni rahisi kuieleza kuliko hili.

Nchi hiyo ina dini yake kamili, na nimeitunga mwenyewe. Mkulima aliwapanda watu mwanzo wa dunia, kila taifa kwenye mstari wake. Anayekufa huvunwa, hufikishwa Ghalani, na Mkulima humpima kwenye mizani. Uongo una uzito. Wizi una uzito. Kuvunja kiapo kuna uzito kuliko vyote. Aliyezidiwa na mzigo wake hupeperushwa pamoja na makapi. Nje ya mistari wako Wagugu, ambao hawakupandwa na yeyote, walijiotea tu. Hao hawavunwi wala hawapimwi, na kumuua Mgugu hakuongezi hata punje kwenye mizani. Kung'oa si kuua. Ndiyo sheria ya kwanza, na kila mchezaji huitamka kabla ya kushika dadu.

Mtu wa Kinyozi ni mtakatifu kupindukia. Leo alikataa kumdanganya mlinzi wa lango, akamwomba radhi kwa kumkanyaga kidole, kisha akateketeza kijiji kizima cha Wagugu. Uzito: sifuri. Tumecheka mpaka Karani akapaliwa na chai.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Unga wa juu umeganda.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Donge limegoma kuumuka, nimelitukana, likaumuka kidogo.

Alhamisi, 12 Machi

Mto umevunja kingo kule bondeni. Karani amekuja mwenyewe, suruali imelowa mpaka magotini, kuagiza mikate ya watu wanaopelekwa kwenye shule ya msingi. Tumewasha tanuri mara ya tatu. Mdogo wangu amepeleka, na aliporudi alikaa juu ya gunia akalia waziwazi. Amemwona mzee aliyeokoa rimoti ya televisheni tu, ameishika mkononi na hataki kuiachia. Kisha akatoa blanketi kitandani kwake, akarudi nalo shuleni. Ndivyo alivyo huyu tangu utotoni, huzuni ya mwingine inamuuma kuliko jino lake mwenyewe.

Jumamosi, 14 Machi

Hatukucheza. Kinyozi amefunga duka lake akaenda shuleni kuwanyoa watoto bure, maana chawa wameanza. Nimempelekea chai. Huwa namdharau kwa umbea wake, lakini leo nimemwona amepiga magoti kwenye tope, anamwimbia mtoto anayeogopa mashine. Nimejiona mjinga.

Jumapili, 22 Machi

Mvua, mvua, mvua.

Jumatano, 25 Machi

Watoto wa mtaa wetu bado wako nyumbani kwa sababu madarasa yao yanalaliwa. Foleni ya bomba imekuwa ndefu, na nguo zinapotea kwenye kamba. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Wiki hii nimeusikia msemo huo kwa kila mteja, ila sijamwona hata mmoja aliyebeba jembe kuwapelekea.

Leo mdogo wangu amerudi ameshika kitambaa kwenye paji la uso. Alipokuwa anashusha mikate watu walisukumana, kreti zikanyakuliwa, na mtu akarusha jiwe. Ameshonwa zahanati. Sikumsikia akilia safari hii. Alisema tu kwamba blanketi lake alilikuta limetandikwa chini, watu wanafutia miguu.

Jumamosi, 28 Machi

Tumecheza, na kila mtu alikuja na kinyongo chake cha wiki. Karani alilalamika kwamba watu wa shule wanaidai ofisi kila kitu, kuanzia dawa mpaka sabuni. Kinyozi akachota unga, akaupuliza, akasema, "Nao hawa si wamejiotea tu? Hakuna aliyewapanda hapa."

Tulichelewa kidogo kuelewa, halafu tukacheka wote, mdogo wangu kuliko wote, mpaka akashika mshono wake. Mimi pia nilicheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 2 Aprili

Asubuhi mama mmoja mnunuzi, ambaye hajui hata kama tuna mchezo, amelalamika kaunta kwamba "wale Wagugu wa shuleni" wamemaliza maji ya bomba. Nilisimama na mkate mkononi. Nikamuuliza neno hilo amelitoa wapi. Akasema kila mtu analisema, mume wake amelisikia alipokwenda kunyolewa.

Mchana nimekwenda kwa Kinyozi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila mtaani kwetu zote zinapitia kwenye kiti chake. Nikamwambia aache. Akasema nisijifanye, kazi yangu imepata umaarufu na nilipaswa kumshukuru. Wateja wakacheka. Nilitoka nikiwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho naona aibu kukiandika. Nilifurahi kidogo kusikia neno langu midomoni mwa watu.

Jumanne, 7 Aprili

Mlango wa stoo umevimba kwa unyevu, haufunguki wala haufungiki. Karani ameniletea seremala kutoka shuleni, mtu wa makamo, mpole, mwenye vidole vilivyokatwakatwa. Karakana yake imekwenda na maji. Ameokoa randa, msumeno na mama yake, na alisema hivyo kwa mpangilio huohuo, kisha akaongeza kwamba mama asisikie.

Aliupiga randa mlango wangu mpaka ukawa unafunguka kwa kidole. Alipoingia stoo kukusanya vumbi akauona mto niliochora mezani Jumamosi, akauliza ni ramani ya wapi. Nilimweleza. Alisikiliza kwa makini bila kucheka, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: kama Mkulima ndiye aliyepanda kila kitu, mbegu ya Wagugu ilitoka wapi? Nikasema ilikuja na upepo. Akauliza upepo ni wa nani.

Nimemkaribisha Jumamosi. Jana ningemwita "mtu wa shule" kama wengine wote.

Jumamosi, 11 Aprili

Amekuja amevaa shati lililopigwa pasi, sijui kwa pasi ya nani. Wenzangu walimkaribisha kwa adabu baridi. Nilipomuuliza anataka kuwa nani, shujaa, mganga au mwizi, akasema anataka kuwa Mgugu.

Karani alikohoa. Kinyozi akasema Mgugu hachezwi, Mgugu anauawa.

"Basi nitajitahidi nisiuawe," Seremala akasema.

Wakabishana. Mdogo wangu alisema haina maana, kwa kuwa Mgugu hana uzito, hawezi kutenda dhambi wala jema, sasa atacheza nini? Seremala alijibu taratibu, akimtazama yeye na si mimi. "Hicho ndicho nataka kukijua, ndugu. Mtu asiyehesabiwa akimsaidia mtu, ule msaada unakwenda wapi?"

Wote wakanigeukia. Nilipaswa kukataa au kuirekebisha sheria palepale. Nilisema tutaona.

Kwenye kivuko daraja lilikatika, na mtu wa mdogo wangu, Mpiga Panga, akasombwa na maji. Mtakatifu wa Kinyozi alibaki ukingoni akisali. Mgugu aliruka. Seremala alirusha dadu mara tatu, na mara zote akapata, akamvuta Mpiga Panga mpaka mchangani. Sasa, katika nchi yetu anayeokolewa maisha anafungwa na kiapo cha kumlinda aliyemwokoa, na kuvunja kiapo kuna uzito kuliko vyote. Nilimuuliza mdogo wangu, kama ninavyomuuliza mchezaji yeyote: unaapa?

Alitazama unga. Akasema kiapo kwa Mgugu si kiapo. Sheria haimdai Mpiga Panga.

Ni kweli, haimdai. Niliitunga mimi. Seremala akasema, "Sawa," akafuta unga kwenye mikono yake. Alipoondoka alinishukuru sana, akasema hajacheka hivi tangu maji yaje. Sikumbuki kumwona akicheka, labda alichekea njiani.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Mdogo wangu hasemi nami vizuri. Anasema nimemwaibisha mbele ya mgeni.

Jumatano, 15 Aprili

Kreti nyingine zimenyakuliwa. Mvua.

Jumamosi, 18 Aprili

Mgugu amefika Ghalani. Hakuna mtu aliyewahi kufika huko akiwa hai, lakini Seremala aliitafuta njia kwa uvumilivu wa mtu anayetafuta ufa kwenye mbao. Akagonga mlango wa Mkulima. Mkulima ni mimi, kwa hiyo nikanenepesha sauti, nikauliza nani huyo.

"Ni yule ambaye hukumpanda," akasema. "Sijaja kuomba kupimwa. Nimekuja kuuliza. Kama si wewe uliyenipanda, njaa hii nimepewa na nani? Na mvua hii inayoninyeshea, unawanyeshea wale wengine halafu mimi napata masalia?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilitafuta jibu. Nimemsemea Mkulima tangu zamani na sijawahi kukosa neno, lakini kila jibu nililolishika lilikuwa na harufu ya uongo. Nikasema mlango umefungwa, arudi Jumamosi ijayo.

Seremala akacheka, nikamsikia safari hii. "Kumbe hata huko kuna foleni."

Karani naye akacheka. Kinyozi alichukua kofia yake akaondoka. Mdogo wangu alibaki, na walipokwisha kutoka wote akaniuliza, kwa ukali ambao sikuuzoea, kama nina mpango wa kubadilisha sheria kwa ajili ya mtu niliyemjua juzi. Nikamwambia ni mchezo tu. Akasema kama ni mchezo tu, niuache ulivyo.

Usingizi hauji, nalifikiria jibu. Nadhani ninalo. Jumamosi Mkulima atafungua mlango na kukiri kwamba mbegu zote zilitoka mfuko mmoja, na kwamba zilizoanguka nje ya mistari zilimponyoka yeye mwenyewe, akaona haya kuziokota. Maana yake ni kwamba kila Mgugu aliyeng'olewa tangu mwanzo anahesabika, na mtakatifu wa Kinyozi atakuwa na mzigo usiobebeka. Wataninunia mwaka mzima. Wacha wanune.

Jumanne, 21 Aprili

Wanaume wa mtaa wameunda ulinzi. Wanakaa kibarazani kwa Kinyozi mchana kutwa na marungu, wanamkagua kila anayepita kutoka shuleni. Mdogo wangu ameingia. Nilimuuliza rungu ni la nini, akasema ni la kushika tu. Nilimwambia mzaha mzaha hutumbua usaha. Akanijibu kwamba usaha ulikuwa kwenye paji lake, mimi sikuuona kwa sababu nilikuwa nachora mito.

Ana haki kidogo. Hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 23 Aprili

Gari limezama kwenye tope nje ya kiwanda cha matofali. Shule haijapata mkate leo.

Ijumaa, 24 Aprili

Wamemuua Seremala. Siwezi.

Jumamosi, 25 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, maana nikiacha litageuka kichwani mwangu kuwa kitu kingine.

Jana asubuhi Seremala alikuja kunitengenezea rafu za mikate. Gari lilikuwa bado kwenye tope na mdogo wangu yuko ulinzini. Seremala akasema watoto wa shule hawajala tangu juzi, yeye anaweza kubeba kreti mbili begani, si mbali. Nilimfunika na nailoni, nikampa kreti. Sikumpa mtu wa kumsindikiza. Kreti zina jina la duka letu ubavuni, na nilijiambia kila mtu anamjua, kila mtu anajua anacheza kwetu. Kila mtu, kichwani mwangu, ni watu wanne na meza.

Nilikuwa nakanda mkate wa mchana niliposikia kelele. Kelele za watu wengi zikiwa mbali zinafanana na za harusi, na kwa muda mfupi nilidhani ni harusi. Halafu nikalisikia neno, neno langu, linaitikiwa kwa pamoja kama kiitikio.

Nilikimbia na aproni yangu na unga mpaka viwikoni. Nilipofika kona watu walikuwa wameshaanza kutawanyika, wanatembea kwa haraka bila kukimbia, kila mmoja anatazama chini. Mikate ilikuwa imetapakaa kwenye tope na mvua inaitotesha. Alikuwa amelala kwa ubavu karibu na mfereji, mkono mmoja chini ya kreti. Nilimshika usoni. Unga wangu ukabaki kwenye mashavu yake na mvua ikauosha.

Nilipoinua macho nilimwona mdogo wangu. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kibarazani kwa Kinyozi, chini ya bati. Nguo zake zilikuwa kavu kabisa. Hakuwa amegusa mtu. Hakuwa ameshuka hata ngazi moja.

Leo Karani ameleta taarifa ya ofisi niisome kabla haijapelekwa juu. Mtu asiyejulikana ameuawa na watu wasiojulikana. Nikamwambia, "Wewe ulikaa naye mezani. Alikuchekesha." Akasema ndivyo zinavyoandikwa, dada, hana la kufanya. Nilimfukuza dukani kwangu.

Jumatatu, 27 Aprili

Mdogo wangu amekuja jikoni leo mchana, akaketi juu ya gunia. Nilikuwa nakwangua meza. Hatukuwa tumesemeshana tangu Ijumaa.

Alieleza bila kuulizwa. Walinzi walimsimamisha Seremala, wakasema ameiba mikate. Seremala akasema amepewa na dada wa dukani. Wakageuka, wakamuuliza mdogo wangu: ni kweli amepewa?

"Nikasema sijui. Na kweli sikujua, Dada, hukuniambia. Sikusema uongo hata neno moja. Sikumgusa. Kinyozi ndiye aliyesema kung'oa si kuua, wengine wakaitikia. Mimi sikuitikia." Akaniinulia macho. "Wewe ndiye Msimulizi. Nipime. Niambie uzito uko wapi."

Nikaelewa kwamba hatanii. Siku tatu amekuwa akipitia sheria zangu moja moja, akitafuta kosa lake, na hajaliona. Hakuna uongo, hakuna wizi, hakuna kiapo. Nimemlea ndani ya nchi hiyo na mizani yangu inamwachia huru.

Alipokuwa mdogo alivunjika mguu, akalala kitandani na plasta masika mazima, na mimi ndiye niliyeibuni nchi ile ili asinung'unike. Siku ya kwanza aliyomuua adui kwa dadu alilia, akauliza kama yule adui alikuwa na mama. Ningeweza kumwambia ndiyo. Nilikuwa msichana, nimechoka, nataka alale. Nikamwambia hana mama, huyo alijiotea tu. Akalala palepale. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi ndiye niliyemchelea.

Leo alitaka nimwambie tena neno la kumlaza. Uso wake ulikuwa uleule. Nampenda mtu huyu kuliko ninavyojipenda, na lilinifika mdomoni.

Badala yake nikamuuliza, "Wakati wanakuuliza, yeye alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ananitazama."

"Alisema kitu?"

"Alisema, 'Ndugu, waambie.'" Akafunika uso. "Aliniita ndugu."

Nilimwambia aende kituoni awataje waliompiga. Akasema watamuua na yeye. Nikasema labda. Akasema Kinyozi ana watoto. Nikasema najua. Akaondoka hakufunga mlango, nami nikaendelea kukwangua meza ambayo zamani ilishakuwa safi.

Jumanne, 28 Aprili

Mama yake Seremala amekuja. Alipanga foleni na wengine, mwanamke mfupi aliyejifunga khanga mbili, na zamu yake ilipofika sikumjua mpaka aliposema. Nilimwingiza ndani. Alikataa kiti.

Alisema mwanawe alikuwa anakuja hapa Jumamosi na kurudi amechangamka, na usiku alikuwa anamsimulia mambo ya mito na maghala, hakuyaelewa. Alitaka kujua mwanawe alikuwa nani kwenye mchezo huo. "Alisema amechagua mwenyewe. Nikamuuliza umechagua nini, akacheka, akasema nikikwambia utanipiga."

Ningeweza kumwambia alikuwa seremala wa mfalme. Nilikwisha sema uongo wa aina hiyo mara moja maishani. Nikamweleza yote, Mkulima na mistari, na wale wa nje ya mistari, na jina lao.

Alilijua jina. Alikuwa amelisikia dirishani mwa darasa Ijumaa ile, likiitikiwa.

"Neno hilo ni lako?" akauliza.

"Ni langu, mama."

Alinitazama bila chuki, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Basi lirudishe, mwanangu," akasema. "Kama ni lako, lirudishe."

Akachukua mkate wake, maana njaa haisusi, akatoka kwenye mvua.

Jumatano, 29 Aprili

Nimejaribu. Asubuhi nimekwenda kwa Kinyozi. Alikuwa anamnyoa mteja, duka linanuka spiriti. Nikasema mbele ya wote kwamba neno lile ni langu na nalifuta, Wagugu hawapo, hawakuwahi kuwapo, niliwabuni nikiwa msichana mvivu. Waliniangalia kama mgonjwa. Kinyozi akasema, taratibu kabisa, "Dada, ulilitengeneza wewe, sisi tumelitumia tu." Nje watoto walikuwa wanacheza na fimbo, mmoja amechaguliwa kuwa Mgugu, anakimbizwa. Nikawakemea. Wakakimbia huku wanalipiga kelele, wakinitania, na aliyekimbizwa alikuwa analipiga kelele kuliko wote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nikatoka hapo moja kwa moja mpaka kituoni. Askari wa zamu alikuwa mstaarabu. Akasema wanaijua habari hiyo, tatizo hakuna shahidi, mtaa mzima ulikuwa umelala mchana. Nikasema yupo shahidi. Alikuwa kibarazani mwanzo mpaka mwisho, aliwaona wote kwa sura na anawajua kwa majina, na aliulizwa neno moja ambalo lingeweza kumwokoa yule mtu asilitoe. Askari akavuta kalamu. Nikataja jina la Kinyozi, nikaona si hilo aliloliuliza. Nikataja la pili, jina kamili, la baba na la babu, na mahali anapolala.

"Ni nani yako?"

"Mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja."

Aliacha kuandika, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema andika.

Nimerudi dukani nikamkuta anapakia mikate ya shule. Gari wamelitoa kwenye tope, amelisafisha mwenyewe, hata magurudumu. Amepanga kreti vizuri kuliko siku zote. Aliponiona alijaribu kutabasamu, akasema leo atapeleka mwenyewe na hatashuka mpaka watoto wote wapate. Nilisikia gari la polisi likigeuza kule kona. Nikaenda chumbani kwake, nikachukua koti lake zito na soksi, nikamletea. Nikamwambia avae, huko anakokwenda sakafu ni ya saruji na usiku kuna baridi.